Duara la Chaki Chini ya Meza ya Bosi

Shoga, bado nina hasira!

Si leo nimeingiza roboti yangu ya kusikiliza mabomba yanayovuja kwenye lile bomba kuu la maji linalopita chini ya ofisi zetu? Ikanasa sauti ya maji yanayovuja, chini ya meza ya bosi kabisa!

Bosi akanicheka mbele ya mafundi wote. "Mdudu wako kiziwi huyo. Andika kwenye ripoti kwamba bomba ni zima."

Eti niandike ni zima. MIMI!

Nikamwambia siandiki uongo. Nikapiga magoti chini ya meza yake, nikachora duara la chaki sakafuni pale roboti iliposikia maji, katikati ya viatu vyake.

"Umefukuzwa kazi!"

"Sawa, naenda. Ila inua miguu, bosi. Chaki imeshaanza kulowa."