Vali Mpya ya Mama Huguette

Jumanne, 2 Oktoba 2012
Mama mkwe wangu, Huguette, ameanguka leo tukiokota matofaa. Kazimia tu – puu! Alipofumbua macho akanigombeza kwa nini nimeliacha kapu. Ana miaka 84! Kumbe ndiyo maana siku hizi husimama-simama, eti anakagua miti. Pumzi humwishia, na hasemi.

Alhamisi, 11 Oktoba 2012
Hospitali, Rouen. Daktari Lesage, binti mdogo tu, alimsikiliza kifuani huku amefumba macho. Akasema damu inavuma, inalazimishwa kupita penye upenyo. Kisha picha ya moyo: vali, yaani kilango cha kutolea damu moyoni, imeota chokaa, imekakamaa. Hakuna dawa ya kuilainisha. Wengi waliofikia kuzimia hivi, wasipotibiwa, hawafiki mbali. Mama hakupepesa macho.

– Basi nipasueni.

Lakini mapafu yake hayatahimili kupasuliwa kifua. Watapitisha vali mpya kwenye mshipa wa kinenani, ipande hadi moyoni, ikunjuke ndani ya ile mbovu. Ajabu!

– Imetengenezwa kwa kitu gani? Mama akauliza.
– Utando wa moyo wa ng'ombe, Bibi.

Mama, aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, alicheka mpaka akakohoa. Eti kawala, kawanywa, sasa wanamhamia moyoni kabisa! Daktari naye hoi kwa kicheko.

Jumatatu, 12 Novemba 2012
Kesho. Mume wangu Gaëtan hatulii, anazunguka jikoni tu. Huko hospitali Mama kajipaka rangi ya kucha. Muuguzi kaifuta, eti kipimo cha kidoleni kisome vizuri, kacheka. Nilimuuliza Mama kama anaogopa.

– Sana, mwanangu. Lakini nimechoka kujifanya naangalia miti.

Sijawahi kumpenda hivi.

Jumanne, 13 Novemba 2012
Vali imekaa! Kifua hakikuguswa, na Mama alikuwa macho muda wote, akimuuliza Daktari amefika wapi. Uso una rangi. Anasema pumzi inashuka mpaka chini.

Ila mapigo yamezubaa. Wamemwachia waya mwembamba moyoni, mashine inayasukuma. Yasiporudi yenyewe, atawekewa betri chini ya ngozi.

Sasa Daktari Lesage anaipunguza mashine kidogo kidogo, aone moyo unaweza nini peke yake. Gaëtan katoka nje. Mama kanishika mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, ananibonyeza kila anapolisikia pigo. Hataki nitazame skrini.

Hili hapa. Kimya. Hili hapa. Daktari kainama, kidole kwenye kitufe cha mashine. Kimya – kirefu –