Nimemwambia Mgeni Kuwa Marehemu Yuko kwa Bintiye

Shangazi Honorine mpendwa, nisaidie, tena unisaidie haraka, maana Jumamosi ni sikukuu ya Watakatifu Wote na siku hiyo mimi nitaumbuka mbele ya kijiji kizima, na kuumbuka kwangu si neno, nimeshazoea, ila safari hii kuna mtu ataumia vibaya na hana kosa hata moja. Jina langu lifiche gazetini. Niite Fulcran, jina la marehemu babu yangu, yeye hatalalamika. Na hao wengine nimewabadilishia majina pia.

Mimi na shule tuliachana mapema, yenyewe ndiyo ilianza kuniacha, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Mimi ni mtu wa mishemishe, huku kwenye mashamba ya zabibu nyuma ya mji wa Béziers, kusini mwa Ufaransa. Kiangazi nauza matikiti, nasafisha mabwawa ya kuogelea, lakini kazi hasa ni funguo. Watu wa Paris na Lyon wenye nyumba za likizo huku wananiachia mimi, mgeni akija namfungulia, akiondoka nafua mashuka, nalamba changu kidogo. Nikitembea nalia kama mbuzi mwenye njuga, ndiyo maana wanaonidai wanajua nilipo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita mvua inapiga, tumekaa baa kwa Yolande tunacheza karata, basi la jioni limeshapita, mara mlango unafunguka anaingia mama mmoja na sanduku la magurudumu, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kope, kumbe kazunguka kijiji chote peke yake anagonga kila mlango wenye kibao cha "inapangishwa", na Shangazi unaijua Oktoba ya huku, vibao vipo, watu hawapo, kila dirisha limefungwa mbao zake mpaka Pasaka. Nikamtambua. Ni Bi Ragna, Mnorwei, dereva wa basi mstaafu, anaongea Kifaransa cha kitabuni lakini ulimi wake ni wa sokoni. Mwaka jana na mwaka juzi kiangazi alipanga vyumba vya chini kwa Mzee Célestin.

Mzee Célestin ndiye aliyenifundisha kutupa matufe ya chuma, mchezo wetu wa jioni huku, akanifundisha na kuvuta sigara, halafu akanifundisha kuacha. Mkewe alifariki zamani. Kila jioni tulikuwa uwanjani mimi na yeye, tunatukanana. Agosti hii, siku moja, zamu yake ya kutupa ikafika na yeye kakaa tu kwenye benchi, tufe mkononi, macho mbele, tukajua anapiga mahesabu, nikamfokea, "Mzee, tupa basi, tunazeeka!" Watu wakacheka. Alikuwa ameshakwenda.

Ofisi ya meya ikatangaza kwenye vipaza sauti vya mitaani kama kawaida yao: gari la samaki limefika uwanjani, maji yatakatwa mtaa wa juu, na Célestin amefariki, maziko kesho alasiri. Kwa mpangilio huohuo.

Basi Bi Ragna ananiona pale baa, anacheka na mvua yake yote. "Fulcran! Bado hawajakunyonga tu?"

"Kamba imepanda bei, Bi Ragna."

"Nimegonga kwa Célestin, kumefungwa. Kadi zangu tangu Agosti hajajibu hata moja, mvivu yule. Kajificha wapi?"

Yolande anafuta glasi ileile. Wote wananiangalia mimi, maana mimi ndiye mwenye mdomo, si ndiyo, na yule mama anatetemeka na huku anatabasamu, nikajikuta nimesema, "Yuko Montpellier, kwa bintiye Maryse. Anapumzika kidogo."

"Célestin anapumzika? Basi dunia imekwisha," akasema, akaagiza kahawa.

Nikampeleka kwenye nyumba ya wale wa Lyon, nikamwashia moto, nikamletea mashuka makavu. Niliporudi Yolande alinishika kola. "Wewe una kichaa?"

"Kalowa, Yolande. Nitamwambia kesho."

"Kesho asubuhi. La sivyo namwambia mimi."

Kesho yake nikaenda na maneno yangu nimeyapanga vizuri kabisa, akanifungulia kabla sijabisha, ameshaoka mkate wake wa Kinorwei, mgumu unaweza kuezekea paa, akauliza, "Kapiga simu?" Nikasema kapiga. "Kasema nini?" Nikasema analalamika kwamba supu ya Maryse ni kama maji ya kuoshea viatu. Shangazi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiye yeye huyo huyo! Mwambie arudi nimpikie samaki." Na mimi nikacheka. Na kesho yake tena kapiga, kagombana na mkwewe kuhusu namna ya kukatia mizabibu. Na keshokutwa tena. Mpaka ikawa jioni ikikaribia, nikifunga kazi, habari za Mzee zinakuja zenyewe kichwani, moto moto, nakwenda kwa Bi Ragna mbio kama mtu wa kupeleka gazeti.

Halafu maua, mchana wa siku ileile ya mkate. Unajua siku hizi sokoni hakuna kingine, ni krisanthemi za makaburini tu, vyungu na vyungu. Huko kwao hawajui mambo hayo, ni maua ya kuweka mlangoni tu vuli ikiingia. Kanunua chungu kikubwa kuliko vyote, cha njano, kakibeba kifuani katikati ya soko, kakiweka kwenye kizingiti cha Célestin. "Ili akirudi aone rangi kidogo." Kijiji chote kikaona. Kwao wao imekwisha, mama wa watu kaambiwa, kaleta maua yake. Yolande akanipigapiga bega. "Umefanya vyema kumwambia, maskini. Sikutegemea kwako." Nikapokea sifa, nikaenda zangu. Mabibi wakawa wanamshika mikono barabarani, muuza mikate kampa andazi la bure. Na yeye ananiambia, "Watu wenu wamekuwa wapole sana mwaka huu, Fulcran, kuna nini?"

Sasa Jumapili ndiyo maji yamenifika shingoni. Maryse kapiga simu, safari hii kweli, anakuja Ijumaa kwa ajili ya kaburi, niifungue nyumba ya baba yake ipate hewa. Nikapanda juu, nikafungua dirisha la chumba cha kulala, na sijamaliza kusukuma mbao za pili nasikia viatu kwenye ngazi vinakuja mbio. Nyumba ya wale wa Lyon inatazamana na hiyo. Alikuwa kaona dirisha limefunguka.

"Célestin! Jeuri wewe! Unarudi bila hata kunigongea?"

Akaingia. Nywele nusu kachana nusu bado, chupa ya mvinyo mkononi.

"Ni mimi tu, Bi Ragna," nikasema.

Akakaa kwenye kitanda cha Mzee, chupa kaipakata. Halafu akasema, "Nimejiaibisha, eh? Mwanamke wa umri wangu, anakimbilia dirisha."

Nikasema hapana.

"Mwaka jana aliniambia, njoo wageni wakishaondoka, tuone kama tunaweza kuvumiliana wakati wa baridi. Hajaniambia neno jingine la mapenzi yule, ni hilo tu. Basi nimekuja wakati wa baridi." Akaniambia nyumba yake ya Bergen, ndiyo pekee anayo, imepata mnunuzi, anamsubiri yeye aseme ndiyo. Jumatatu baada ya sikukuu atampigia. Anataka kwanza amwambie Célestin, aone Mzee atafanya sura gani. "Sikukuu hii si watu wote hurudi nyumbani? Atakuja, si ndiyo?"

Shangazi, nikasema ndiyo.

Na Jumamosi yenyewe, padri wetu ana vijiji vingi anachelewa siku zote, kwa hiyo ofisi ya meya ndiyo inayosoma majina ya waliofariki mwaka huu, kwenye vipaza sauti, asubuhi, mtaa hadi mtaa. Kimoja kimepigiliwa ukutani chini ya dirisha lake Bi Ragna. Nimeshafikiria kukata waya, koleo ninayo. Nimefikiria kumwachia Maryse akifika. Nimefikiria kwenda Uhispania kununua machungwa mpaka yapoe. Nalala sipati usingizi, nikipata namwona Mzee kakaa na tufe lake. Mimi kuchekesha watu najua, hii kazi nyingine sijafundishwa. Nianzie wapi?

Fulcran (siyo jina langu), Mwenye Funguo

*

SHANGAZI HONORINE ANAJIBU

Fulcran, au yeyote yule uliye,

Koleo irudishe kwenye boksi. Barua yako niliipata Jumanne, nikaitanguliza mbele ya ile ya mke aliyekimbiwa, na ile ya bwana anayegombania ukuta na jirani yake. Wataningoja, wao hawana Jumamosi. Gazeti linatoka Alhamisi. Kwa hiyo unaposoma hapa una leo tu. Kesho Maryse yuko barabarani, na mwanamke yule akiletewa msiba na mgeni anayeshuka kwenye gari na funguo za nyumba, hilo litakuwa limefanywa na wewe.

Uongo wa ile jioni ya kwanza nakusamehe. Mtu kalowa, kachoka, anacheka, ungekuwa na moyo wa jiwe. Ule wa asubuhi yake sikusamehe. Na supu ya Maryse! Umemtilia marehemu maneno mdomoni wiki nzima, bwana mzima wewe, umemwacha mwanamke atembee na maua ya msiba anadhani ni ya furaha, watu wanampa pole anadhani wanamkaribisha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na umetumbuka kwenye nyumba ya mtu. Jumatatu akisema ndiyo kwa yule mnunuzi, hana tena pa kurudi, na atakuwa amesaini akiwa umemfumba macho wewe. Pengine akijua ukweli bado atauza, pengine atakaa hukohuko kwenu. Shauri lake. Lakini aamue anaona.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliandika. Unasema ulikuwa unamwonea huruma. Sawa, mwanzoni. Baada ya hapo ulikuwa unakwenda mwenyewe, mbio, kila jioni. Kijiji kizima Célestin kafa, isipokuwa kwenye meza ile moja anakolalamikia supu. Hata mimi ningekwenda kugonga mlango huo. Tangu Agosti umefanya nini na msiba wako, mwanangu? Umeuza matikiti. Na lile neno ulilomfokea uwanjani linakulia usingizi, naliona. Ukiniuliza mimi, mzee aliyekufa akitukanwa na rafiki yake kwenye benchi lake hakufa vibaya. Lakini huwezi kumfanya mwanamke yule abebe usichotaka kubeba wewe.

Nenda leo, baada ya chakula cha mchana, kukiwa mwanga. Usipite kwa Yolande kwanza kujitia nguvu. Akikuuliza kama Célestin kapiga simu, usikae. Sema ukiwa umesimama: "Bi Ragna, Célestin amekufa, mwezi wa nane. Nilikudanganya." Sema "amekufa." Usiseme katutoka, usiseme yuko mahali pema. Mtu anayesubiri huyageuza maneno laini yakawa matumaini. Halafu funga mdomo, najua itakuwa mara ya kwanza. Akirusha sahani acha arushe, za watu wa Lyon utazilipa. Usimwombe msamaha leo, kwa sababu msamaha ni kazi na leo ana kazi nyingine. Akikufukuza, toka, ukae kwenye ngazi za nje, usiende mbali.

Akitulia mweleze habari ya maua, wewe mwenyewe, asije akaisikia dukani. Mwulize kama anataka kwenda makaburini leo, kabla ya umati wa Jumamosi, na kama anataka kwenda na wewe au peke yake. Jioni mpigie Maryse, mwambie yote, na umwambie kuna mwanamke atasimama kwenye kaburi la baba yake. Maryse akikubali, vizuri. Akikasirika, ana haki, na wewe ndiye wa kukasirikiwa. Kuhusu nyumba ya Bergen usitoe ushauri wowote, wala kodi ya nyumba usiitaje mpaka aitaje mwenyewe.

Na bado kuna moja. Atakuuliza kama Célestin aliteseka, utamwambia ulichokiona. Kisha atakuuliza kama alikuwa anamtaja. Umeniandikia barua ndefu kama mkesha na hilo hukuligusa, wewe uliyekaa naye kila jioni. Jibu unalo. Kama alimtaja, mpe kila neno kama lilivyotoka, hata kama lilikuwa tusi. Kama hakumtaja, sema hakumtaja, halafu ubaki hapohapo umekaa naye.