Nianze na Mbegu Gani, Mama?

Mama,

Huku Kisegi mvua imeshuka na bado sijapanda kitu. Nasimama kwenye kile kishamba nyuma ya jikoni, jembe mkononi, naangalia udongo tu. Ningekuuliza wewe. Ndiyo shida yenyewe: kila nikikwama nageuka kukuita, halafu nakumbuka.

Unajua mimi si mtu wa jembe. Tangu mwanao Odhiambo anitoe kwetu Ukuriani, kazi yangu ni kuuza omena sokoni, na mboga nilizikuta sufuriani kwako. Kila msimu ulidondosha mbegu ya kwanza ya boma kwa mkono wako, ndipo sisi wake wa wanao tukafuata, mke wa mkubwa kwanza. Mimi nilifuata kwa jina tu. Nilirusha punje chache za mahindi nikakimbilia samaki wangu. Sasa Baba hayupo, wewe pia umeondoka, na wa kuanza ni mimi, mke wa mkubwa. Mimi, Mama! Hata mrenda sijui kuutofautisha na magugu.

Wake wa shemeji zangu wananingoja, hawawezi kugusa udongo kabla yangu. Mama Felix anasema nianze na kunde, hazina maringo. Akoth anasema sukuma wiki, itauzika. Odhiambo, ambaye hajawahi kuchuma jani, anataka nyanya. Mchungaji anasema mila hizo zimepitwa na wakati, kila mtu apande anapotaka. Kumbe mkewe mwenyewe bado anamngoja mama mkwe wake. Nimsikilize nani? Nilinunua mbegu za kila aina, nikazipanga mezani, nikazirudisha mfukoni. Nililia juu ya mbegu za vitunguu, fikiria.

Naogopa, Mama. Nikianza vibaya na mavuno yakatukataa, watasema ni yule wa kuja. Nikizidi kusita, mvua itapita na boma lote litakosa kwa ajili yangu.

Jana nilienda kung'oa magugu kwenye kaburi lako. Nikainama, mkono ukasita. Majani ya vidole vitano, shina lenye manyoya, harufu ile kali. Dek, mboga ya mgagani! Hiyo hata mimi naijua, kwa sababu ulikuwa ukinikalisha nikuchambulie, ukiniita binti wa Ukuriani kwa lugha yenu, "Nyar Kuria, uchungu huu unataka maziwa na subira." Nikakumbuka kwamba hapo hapo ulikuwa ukitandika gunia na kuyapiga maganda yake makavu, mbegu zikiruka kila upande. Tulipokuchimbia kaburi tuliugeuza udongo huo, na mvua ikazikuta.

Niliketi chini nikacheka, kisha nikalia vibaya. Sijui kama wazee wataihesabu kuwa mbegu ya kwanza. Sijui hata kama inafaa kuwaambia. Lakini kwa macho yangu umeshapanda, Mama. Wewe mbele, mimi nyuma yako, kama kawaida.

Basi leo asubuhi nimepanda dek, mistari miwili iliyopinda ambayo ungeicheka. Akoth aliponiona alikimbia kuchukua jembe lake.

Lala salama, Mama. Ile iliyo juu yako sitaichuma. Nitaiacha ikauke, kisha nitatandika gunia lako hapo hapo niipige, ili msimu ujao uanze tena wewe.

Mimi wako,
Nyar Kuria