Maua kwenye Tanzia

Jumatatu, 4 Agosti
Chai imepoa tena kando ya kompyuta. Ukurasa wetu wa matangazo mtandaoni hapa Busia unazidi kunenepa. Leo wameongeza tanzia. Sikuona haja ya kuandika mitindo upya wakati klasi ya harusi, yaani fungu la maagizo ya mwonekano wa kadi, ina kila kitu: picha, jina, siku, mahali. Nimeiambia tanzia irithi yote, nikaongeza mpaka mweusi. Mistari miwili tu. Nimejipongeza, mjinga mimi. Nimetengeneza pia klasi ya utambulisho wangu na Athieno, siku nitakapojulishwa rasmi kwa ukoo wao, tarehe 30.

Jumatano, 6 Agosti
Baba yake Athieno amefariki huko Mukuju, karibu na Tororo. Mchumba wangu amelia kwenye simu hadi sauti ikamkauka. Tanzia nimeiweka mwenyewe, na picha ya mzee amevaa koti la kanisani. Okoth, kaka yake mkubwa, ameniita shemeji kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti
Bibi harusi mmoja wa upande wa Kenya anataka madoido: maua yadondoke, majina yachezecheze. Nimeyaweka kwenye klasi ya harusi asubuhi. Nimeangalia kadi yake peke yake. Imependeza. Nikaenda kula.

Alhamisi, alasiri
Mungu wangu. Tanzia imeyarithi madoido ya harusi. Mzee anadondoshewa maua. Jina lake linacheza. Kwa muda wa saa tano nzima! Waombolezaji walikuwa wanafungua simu kutafuta saa ya mazishi, wakakuta hayo. Nimeondoa, lakini picha za skrini zimeshafika Tororo. Okoth amepiga: "Wewe nafurahi mzee wetu amekufa? Mazishi usikuje."
Ningemwambia nini, kwamba nilivivia kuandika mistari arobaini? Najichukia.

Ijumaa, 8 Agosti
Athieno hapokei.

Jumamosi, 9 Agosti
Wamezika. Mkwe mtarajiwa hufika na watu wake, wakaonekana, wakasalimia ukoo. Baba yangu na wajomba walikuwa wameshavaa tangu alfajiri. Nimewaambia wavue. Baba amelirudisha koti lake sandukuni, na hilo limeniuma kuliko matusi.

Jumatatu, 11 Agosti
Ujumbe wa Athieno: "Sikuchukii. Lakini mama akikuona, ataona yale maua."
Nimeusoma mpaka nimeukariri. Hakuna cha kurekebisha hapo. Msimbo wa kompyuta naujua, watu siwajui.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimeiandika tanzia upya, yenyewe, mstari kwa mstari. Hairithi kutoka popote. Imenichukua nusu saa. Nusu saa!

Jumamosi, 30 Agosti
Mvua tangu asubuhi. Nimefungua faili la mitindo nikaifuta klasi ya utambulisho wetu, uliokuwa ufanyike leo. Safari hii nimekagua ukurasa wote, kadi moja baada ya nyingine, harusi, ubatizo, tanzia. Hakuna kilichobadilika. Hakuna kilichokuwa kinaitegemea.