Kifuu Mdomo Juu

Jumatatu, 1 Septemba. Nyuma ya soko, Chikongola

Nimeamka kabla ya wafagiaji. Ndoo ya usiku nimeimwaga chooni, godoro nimekunja, chai nimechemshia mlangoni. Ukilala kwenye maegesho ya watu, kukikucha gari liwe gari, lisiwe nyumba. Mlinzi hataki kuona kanga imeanikwa kwenye kioo. Yule mzee hataki kitu chochote duniani, lakini ananiacha nilale, kwa hiyo simsemi.

Bakari amekuja na kikombe chake mkononi, hata salamu hajamaliza. Huyu ni mtani wangu, Mmakua, anauza mitumba minadani na analala juu ya mabelo ndani ya Hiace yake. Akauliza hii ni chai au maji niliyooshea cherehani. Nikamwambia Mmakua hawezi kutofautisha, anywe tu. Akanywa vikombe viwili.

Tumegawana njia kama kawaida. Mimi naanza na vijiji vya mtoni, Ruvuma, nikatengeneze cherehani za watu. Yeye atanifuata wiki ijayo, mnada ukifika. Huko simu ama inashika mtandao wa ng'ambo ama haishiki kabisa, kwa hiyo tunatumia kifuu cha nazi. Anayetangulia anakiweka kwenye kona ya kuingilia. Kikiwa mdomo juu, mahali ni salama, lala. Akiondoka kwa ubaya anakipindua, na anayekuja nyuma asizime hata injini. Tulianza mwaka juzi, Bakari alipong'olewa matairi mawili mahali ambapo mimi nilikuwa nimeshaibiwa betri na sikumwambia. Alininunia mwezi mzima.

Jumatano, 3 Septemba. Kijiji cha mtoni

Vumbi hadi kwenye meno. Nimeegesha kwenye uwanja wa ghala la zamani la korosho, lile lisilotumika. Pana saruji, pana choo cha shimo, kisima hakiko mbali. Nimeripoti kwa mwenyekiti, akatazama kitambulisho, akaandika jina langu kwenye daftari. Huku mpakani mgeni asiyeripoti anajitafutia matata. Kifuu nimekiweka chini ya mkorosho wa kona, mdomo juu.

Cherehani kumi na moja! Unyago umekaribia na kila fundi ana sare za kushona. Wa kwanza kuja ni Mama Shani, anashonea barazani kwake. Mcheshi, mikono haitulii. Kaniletea muhogo wa kuchemsha na samaki. Bintiye Shani ana miaka saba na maswali sabini. Kaniuliza kwa nini gari langu lina alama ya kujumlisha ubavuni.

Lilikuwa gari la wagonjwa, nikamwambia. Nimelipaka rangi nyeupe mara mbili, lakini jua likilipiga ile alama ya hospitali inajitokeza tena. Nililinunua mnadani likiwa bovu, nikalifufua kwa mikono hii, baada ya mashemeji kuuza nyumba ya Rahaleo kabla hata arobaini ya mume wangu haijafika. Hayo ya mashemeji sikumwambia mtoto. Naandika hapa kwa sababu bado yananiuma. Gari hili ndilo nyumba, ndilo kazi. Likiondoka hili, nalala kwenye baraza za watu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nne zimepona. Kutu tupu humu, sijui wanazihifadhi kisimani. Vyuma naviosha kwa mafuta ya taa, yanatoka mekundu kwa kutu, nayaweka kwenye chupa yatuame nitumie tena. Oili naitilia kwa bomba la sindano. Linafika mahali kidole hakifiki.

Watoto wamejaa mlangoni kutwa. Shani alikuwa analitamani lile bomba, basi nimempa moja kuukuu akachezee maji. Sindano nilichomoa kwanza, sina wazimu. Akakimbia nalo anawarushia wenzake maji, anacheka. Nami nimecheka.

Jioni wanaume watatu walikaa ng'ambo ya uwanja wakinitazama nikifunga mapazia. Nimewapa salamu. Hawakuitikia.

Ijumaa, 5 Septemba

Shani ana homa. Mama Shani hakuja.

Wawili wamekuja kuchukua cherehani zao zikiwa bado zimefunguliwa, skrubu ziko kwenye sahani. Nimewaambia kazi haijaisha. Wakasema wataimalizia nyumbani. Kwa kutumia nini, meno? Wamebeba hivyo hivyo, skrubu wamefunga kwenye pindo la kanga.

Kisimani wanawake wamenyamaza nilipofika. Mmoja akamvuta mwanawe, akaufunika mkono wa mtoto kwa kanga. Nikadhani nanuka mafuta ya taa. Nimejinusa.

Jumamosi, 6 Septemba

Shani amepelekwa zahanati. Ni malaria, imemmaliza damu. Kila mtu huku anaijua malaria inavyofanya. Lakini habari iliyorudi kijijini ni nusu tu. Damu imeisha. Basi.

Mchana nimekwenda chooni. Niliporudi, mtu alikuwa amepitisha mkaa juu ya ile alama ubavuni. Mistari miwili, imenyooka. Nimeifuta kwa mafuta ya taa na mkaa umetoka. Alama yenyewe haikutoka.

Sina hamu ya kula.

Jumapili, 7 Septemba

Mwenyekiti amekuja asubuhi. Nikamwekea kigoda, hakukaa. Akasema nifungue gari lote. Nikafungua. Ametazama godoro, mtungi wa gesi, sanduku la vifaa. Akaiona chupa. Akaifungua mwenyewe, akanusa. Mafuta ya taa, akasema, na akapumua.

Kisha akaniambia kijiji kizima kinasema mimi ni mumiani. Gari la wagonjwa lenye mapazia, mwanamke peke yake, hana mume wala mtoto, mabomba ya sindano, chupa nyekundu. Mnyonya damu aliyekuja kukusanya. Nilitaka kucheka. Nikamwambia si ameshanusa, basi akawaambie.

"Mimi nimenusa, mama," akasema. "Wao hawatakuja kunusa."

Ameniambia nisiondoke mchana, wataniwekea magogo njiani. Nisubiri alfajiri, atanitoa mwenyewe. Nimekaa ndani na milango imefungwa, joto la kupika ugali. Naogopa. Niandike tu wazi, naogopa hata kwenda chooni, kiko nje.

Saa tisa alasiri Mama Shani amekuja kuchukua cherehani yake. Alisimama mbali. Macho yamemvimba.

"Umempa nini mwanangu?"

Nikasema nimempa bomba la kuchezea. Nililisema kwa sauti, nikasikia mwenyewe linavyosikika. Akaondoka bila cherehani. Huyu ndiye aliyeniletea samaki.

Magharibi imeingia. Wamekaa kuzunguka uwanja, wengi. Hawasemi kitu, na afadhali wangetukana. Jiwe moja limepiga bati juu. Moja tu. Nangoja la pili na haliji.

Jumatatu, 8 Septemba. Njiani, karibu na Naliendele

Niko hai. Mwenyekiti amekuja kabla ya adhana, akatembea mbele ya gari na tochi ameielekeza chini, mimi nyuma yake bila taa, gia ya kwanza, mpaka barabara kubwa. Mtu mmoja alikuwa amelala kando ya uwanja na panga kifuani. Hakuamka, au alijifanya. Kwenye barabara mwenyekiti akapiga bodi mara mbili kwa kiganja, kama anayeruhusu basi. Sikumwambia hata asante.

Nimekuja mbio hadi hapa, nimejiingiza kwenye kivuli cha mikorosho, nimezima. Nimeacha sufuria, beseni na kanga mbili kwenye kamba. Vikae huko. Kila cha maana kiko ndani. Nalala hapa hapa, sina nguvu ya kuendesha tena.

Jumanne, 9 Septemba. Chikongola

Nimeingia maegeshoni saa nne. Mlinzi, mara ya kwanza katika miaka miwili, kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka. Nikauliza Bakari yuko wapi, nilitaka anitanie kidogo nijione mtu.

Kaondoka jana mchana, akasema. Mnada umewahishwa, uko kesho, amekwenda mtoni.

Nilikuwa namimina chai. Imejaa kikombe ikamwagika mguuni.

Kifuu. Kiko chini ya mkorosho wa kona, mdomo juu, kama nilivyokiweka Jumatano. Nilikipita kando ya gurudumu. Sikukipindua. Sikukikumbuka hata kidogo. Jana nimekaa Naliendele nahesabu masufuria na yeye amenipita barabarani na mabelo yake na mapazia yake.

Nimepiga simu, haipatikani. Nimepiga tena. Nimepiga mpaka chaji imeisha.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda kituo cha polisi nikaeleza. Wameandika, wamesema watampigia mtendaji wa huko. Nikatoka nikasema mimi pia nitakwenda, nisingojee simu ya mtu.

Nimeipita Naliendele. Nimeendesha mpaka lami ilipokwisha. Pale nikasimama na injini inaunguma. Jua limepiga ubavu wa gari, nikashuka nikaiangalia ile alama, imetokea yote. Nikirudi na gari hili wataniua. Hiyo ni kweli. Kuna lori la mkaa lilikuwa linakwenda huko, ningeweza kupanda, gari nikaliacha. Hiyo nayo ni kweli. Nikawaza wakilichoma wakati sipo, au wakiling'oa matairi, nikabaki sina pa kulala. Nikampa dereva wa lori ujumbe, mwambie Bakari wa mitumba aondoke leo hii, usimwache alale. Akaitikia huku anatafuta chenji mfukoni.

Nikageuza. Saa saba mchana nilikuwa nimeshafika mjini. Sijui nimeandika haya ili nani anisamehe.

Alhamisi, 11 Septemba

Wameichoma Hiace jana jioni.

Alilala pale Jumatatu na Jumanne, wakamwangalia tu. Jana mnadani mtu akasema yule mwanamke ametuma mwanamume na gari jingine. Mapazia yale yale, uwanja ule ule. Lori la mkaa halikufika kijijini, liliharibikia njiani. Simu ya polisi ilimkosa mtendaji. Bakari walimtoa ndani wakimvuta miguu. Mwenyekiti akamlalia juu, mzee wa watu, akapigwa naye mpaka watu wakaona aibu. Bakari wamemleta mjini usiku, nyuma ya gari la korosho.

Amenieleza mlinzi. Alikuwa anafagia huku anasema. Nimeingia garini nimefunga mlango na nimejipiga makofi mwenyewe usoni. Haisaidii kitu.

Jumapili, 14 Septemba. Maegesho ya hospitali

Usiku wa tatu hapa. Wauguzi wameshanizoea, mmoja ameniletea cherehani ya mama yake. Bomba la sindano nimelitupa, naitilia oili kwa unyoya wa kuku.

Bakari atapona. Taya limefungwa waya, mkono wa kushoto umeungua hadi kwenye kiwiko, jicho moja bado halijafunguka. Madaktari wanamwita mtu mwenye bahati. Hana gari, hana belo hata moja. Nimewaambia mimi ni dada yake.

Shani naye yuko hapa, wodi ya watoto. Ameongezewa damu, anakula uji. Asubuhi nimemwona dirishani ananipungia mkono. Mama yake akaushusha ule mkono taratibu. Tunapishana bombani mimi na mama yake kila alfajiri, kila mtu na ndoo yake. Leo kanitolea shikamoo kwa sauti ndogo, mimi ninayemzidi miaka mitatu. Nikaitikia marahaba. Cherehani yake bado iko garini, nimeimaliza, inashona vizuri. Sijui namna ya kumpa.

Jioni Bakari ameongea kwa mara ya kwanza. Maneno yanatoka kati ya waya, ikabidi niiname.

"Walikigeuza, dada. Kile kifuu. Najua ulikipindua. Wao wakakirudisha mdomo juu ili niingie."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikangoja nijisikie nikisema ukweli.

Akasema usilie, si kosa lako. Akasema tukipata gari jingine tutafute alama nyingine, hii watu wameshaijua.

Nimesema sawa, kaka. Nimemnywesha uji mpaka ukaisha.