Bibi Helga na "Tsavadi" Wake

Jumanne usiku

Sijamwambia mtu yeyote: mimi, Zawadi, ninayeona haya hata kusalimia watu kanisani, huwa namwiga Bibi Helga, mzee Mjerumani ninayemtunza kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Yeye huniita "Tsavadi".

Leo jikoni niliwachekesha wenzangu: "Tsavadi, niletee vota!" Ndivyo anavyotamka "water", maji. Ghafla wakatazama nyuma yangu. Bibi alikuwa mlangoni, kwenye kiti chake cha magurudumu. Nikajua nimefukuzwa. Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule, na mama alishaitangaza mji wetu mzima wa Haltom City...

"Mbaya sana," Bibi akasema. "Ts yako imelegea. Bana meno, kisha teme!"

"Tsavadi."

"Bado! Tena!"

Tulirudia mpaka chai yake ikapoa. Kesho atanifundisha kumwiga meneja. Nakuomba, shajara yangu, hilo libaki kati yetu.