Mashati ya Ramli

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimempa mteja shati la kumtosha yeye na mdogo wake pamoja! Kasimama mbele ya kioo, mikono imepotelea ndani, akaniuliza kama nilimpima au nilimwota. Sikumpima. Nilimkodolea macho kutoka nyuma ya meza, nikaandika namba. Fundi mzima, nashona kwa ramli! Siku hizi siwezi kuzungusha utepe kifuani mwa mwanamume.

Sababu naijua. Shemeji — mume wa dada yangu. Kwao, chumba cha kupigia pasi. Alifunga mlango. Nilisema sitaki. Alinibaka. Haya, nimeandika. Kumbe kalamu haijavunjika.

Jumatano, 5 Machi
Shati jingine. Hili limebana mpaka vifungo vinaomba msamaha. Fundi wa suti — tunamwita Mama Mkubwa, na ukubwa wenyewe ni wa sauti — leo kaipunguza sauti. Kaniuliza: nani kakufanya nini? Nikajidai natafuta pini. Zilikuwa mdomoni mwangu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia. Chooni, huku nimekumbatia ndoo ya kudekia, heshima tupu. Anasema zahanati kuna mama mshauri, hatozi wala hasimulii mtu. Nikasema siumwi. Akasema mficha uchi hazai. Nikamjibu sitaki kuzaa, nataka kushona. Tumecheka, kisha nimelia tena.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeenda! Njia nzima nimepanga maneno. Mshauri kasema karibu mwanangu, anzia popote. Nikaanzia kwenye pazia lake. Pindo limekwenda upande, uzi si wa rangi yake — nimelisema pazia la watu mpaka mwenyewe nikachoka. Hakunikatiza. Akauliza tu kama napata usingizi. Basi. Yote yakatoka, pamoja na makamasi.

Kasema si kosa langu. Nilikuwa nalijua hilo, lakini kusikia mtu mwingine akilisema ni kitu kingine. Nikitaka kwenda polisi, atafuatana nami. Kauliza nina nani wa karibu. Nikacheka kama mwehu. Ninaye dada tu, na dada ndiye mke wake! Shemeji namchukia. Dada ndiye ninayemwogopa — asije akaniambia namvunjia nyumba.

Ijumaa, 14 Machi
Dada kaja dukani, eti anataka blauzi. Mama Mkubwa akakumbuka ghafla kwamba uzi umeisha, akatoka. Uzi! Tunao wa kushonea nchi nzima.

Nikampima. Kiuno, mgongo. Akasema, mbona umenikimbia, mdogo wangu, nimekukosea nini? Nikamwambia, mpaka na habari za mshauri. Utepe bado umo kiunoni mwake, mimi nasema. Mwenye akili angemkalisha kwanza.

Hakupiga kelele. Kauliza: ni ile siku ya pasi? Anasema alikuta mlango umefungwa. Aligonga. Mumewe akaitikia kwamba anabadilisha nguo, naye akarudi jikoni.

Nilisikia ule mlango ukigongwa. Sijawahi kumwambia mtu, hata mshauri. Kiganja cha shemeji kilikuwa mdomoni mwangu.

Sasa dada ananawa uso kwenye sinki la nyuma. Naandika hapa, la sivyo nitaanza kumwomba msamaha — najijua! Simu yake inaita juu ya meza ya kukatia. Ni shemeji. Dada katoka, uso unachuruzika maji, kaitazama, kaiacha iite. Ananiuliza yule mshauri hufunga saa ngapi.